Kubuni Spindo Mpya za Mbele kwa Ford Mustang ya 1965

Mwenye Mustang ya 1965 au 1966 huanza kufikiria spindo mpya, yaani kipande cha chuma kinachoshika gurudumu la mbele na kuligeuza, kwa mojawapo ya sababu mbili: ama anataka kuishusha pua ya gari bila kukata springi, ama amefunga diski kubwa za breki na matairi yanayoshika barabara kuliko yale yaliyokuwapo gari hilo lilipotoka kiwandani. Sababu zote mbili ni halali, lakini zinahusu kipande ambacho kikivunjika, gurudumu hutoka pamoja na breki yake. Kwa hiyo mchoro ukaguliwe na mhandisi wa mitambo kabla chuma hakijakatwa, na sheria ya nchi yako kuhusu kubadili sehemu za usukani isomwe mapema.

Kazi huanzia kwenye vipimo. Gari liwekwe kwenye sakafu iliyosawazishwa, katika kimo kile kile litakachoendeshwa nacho, kisha springi zitolewe kwa kibanio chake. Katika Mustang hii springi hukaa juu ya mkono wa juu (mmoja wa mikono miwili inayounganisha spindo na gari), nayo imebanwa kwa nguvu inayoweza kumuua fundi, hivyo asiyekuwa na kibanio sahihi asiiguse. Baada ya hapo pima vitovu vya boli jointi zote mbili (viungo vya duara vinavyoshika spindo kwenye mikono), vitovu vya ndani ambavyo mikono hiyo huchezea, na ncha zote mbili za tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Kila kitovu kipimwe kutoka sakafuni, kutoka mstari wa katikati ya gari, na kutoka mstari wa ekseli. Pima pande zote mbili, kwa maana gari la miaka 60 mara nyingi limewahi kugongwa, na upande wa kulia hauwi pacha wa kushoto.

Mstari unaopita kwenye vitovu vya boli jointi mbili ndio mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona. Uurefushe kwenye mchoro mpaka uguse ardhi, kisha pima umbali kati ya hapo na katikati ya tairi. Umbali huo ukiongezeka, usukani huwa mzito, na gari huvutwa upande mmoja breki zinaposhika bila usawa. Rimu pana zinazotokeza nje huuongeza, kwa hiyo rimu na tairi zichaguliwe kwanza, halafu spindo ichorwe kuzifuata.

Ikiwa lengo ni kushusha gari kwa milimita 50, pini ya gurudumu (sehemu ya spindo ambayo gurudumu huizunguka) hupandishwa milimita 50 ikilinganishwa na boli jointi. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu mchoraji huupandisha mkono wa usukani, ambao tairodi hufungwa kwenye tundu lake, pamoja na pini. Tairodi inapaswa kuchora tao linalolingana na mikono ya juu na ya chini gurudumu linapopanda na kushuka; kwa hiyo tundu la tairodi hubaki mahali pake kwa kulinganishwa na boli jointi, wala halifuati pini. Likisogea, gurudumu litajigeuza lenyewe kila linapopita kwenye shimo, na dereva atahangaika kunyoosha gari katika barabara iliyonyooka. Angalia pia kwamba boli jointi ya chini sasa imesogelea ukingo wa chini wa rimu, jambo linaloweza kuikataa rimu ya inchi 14, na kwamba hakuna kitu kitakachoshuka chini ya ukingo wa rimu iwapo tairi litaisha upepo.

Kimo cha spindo yenyewe ni suala lingine. Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, alionyesha kwamba kushusha vitovu vya ndani vya mkono wa juu kwa takriban inchi moja hufanya gurudumu la nje liiname vizuri zaidi gari linapolalia upande, na Shelby GT350 ya 1965 ilitumia mpangilio huo. Spindo ndefu zaidi, inayoinua boli jointi ya juu, huleta matokeo yanayofanana bila kutoboa chasisi. Tofauti ni kwamba mbinu ya Arning hushusha gari kidogo, ilhali spindo ndefu huusukuma mkono wa juu dhidi ya springi na kulinyanyua gari. Ni lazima ufidie tofauti hiyo kwa kupandisha pini au kubadili springi.

Sasa tuhesabu nguvu. Chukua gari lenye kilo 1,500 pamoja na watu wawili, asilimia 55 ikiwa mbele: kila gurudumu la mbele hubeba takriban nyutoni 4,050. Katika kona kali, gurudumu la nje linaweza kubeba nyutoni 6,700, na tairi zuri linaweza kusukumwa kwa upande kwa nguvu karibu sawa na hiyo. Nguvu ya upande hufanya kazi ardhini, mita 0.32 chini ya pini, kwa hiyo huipinda pini kwa takriban nyutoni-mita 2,140. Uzito wa gari hupunguza kidogo mpindo huo, lakini mimi siutoi kwenye hesabu. Pini yenye kipenyo cha milimita 32 kwenye shina, yaani inapoanzia kwenye mwili wa spindo, itapata mkazo wa megapaskali 665 hivi. Ya milimita 40 itapata 340 tu, kwa kuwa mkazo hupungua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Chuma cha EN24T, aina ya chuma imara cha aloi, chenye nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 850 hadi 1,000, kinaihimili ya pili kwa nafasi nzuri. Ile ya kwanza huifikisha karibu na kiwango cha kujikunja bila kurudi ilivyokuwa.

Hata hivyo, pini huvunjika mara nyingi kutokana na ufa unaoanzia kwenye kona ya shina, mahali pini inapokutana na mwili wa spindo. Kona hiyo isiwe kali: iwe na mviringo wa milimita 3 au zaidi, uliong'arishwa bila alama za kisu, na beringi ya ndani iegemee pete iliyochongwa ili isiukalie mviringo huo. Pini isichomelewe popote. Matundu ya boli jointi yapanuliwe kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) yenye tepa, yaani mchongoko, ile ile ya boli jointi, kisha yajaribiwe kwa wino wa bluu mpaka mguso uenee karibu kote.

Kabla ya kumpelekea mkerezaji chuma, tengeneza mfano wa plywood au plastiki, uufunge kwenye gari bila springi, na uupandishe na kuushusha kwa hatua za milimita 10 huku ukiandika mwinamo wa gurudumu na mwelekeo wake, usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekatwa mpaka mwisho kila upande. Spindo halisi zikishatoka, zipimwe kwa unga wa sumaku kutafuta nyufa, zifungwe kwa nati ya taji na kotapini mpya, na baada ya kilomita 100 za kwanza beringi zirekebishwe upya na shina la pini likaguliwe tena kwa unga ule ule.