Kurudi Kazini Baada ya Likizo ya Uzazi: Kupanga Malezi na Gharama Zake

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua pacha, huku baba akipewa siku zisizopungua 3. Kwa hiyo mpango wa malezi uandaliwe kabla ya kujifungua, si wiki ya mwisho ya likizo.

Anza na hesabu. Wengi wanaoajiri dada wa kazi huandika mshahara peke yake na kusahau chakula, sabuni, matibabu, nauli ya kwenda kwao kusalimia, na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ambayo ni haki yake kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kituo cha kulelea watoto mchana kina ada inayojulikana, lakini uliza saa ya kufunga na malipo ya kuchelewa, kwa maana foleni ya Mbagala jioni haimhurumii mtu. Kabla ya kulipa, fika bila taarifa wakati watoto wamelala, uhesabu walezi waliopo, kisha ulione jiko na choo.

Zungumza pia na mwajiri. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, na ni vyema makubaliano ya lini zitatumika yaandikwe.

Baba naye achukue zamu inayotajwa kwa saa, kwa mfano kumpeleka mtoto asubuhi, kwa sababu “nitasaidia” haipangiki. Bibi akikubali kulea, mpeni fedha ya matumizi kila mwezi bila kusubiri aombe.