SOMO: Kisukari aina ya pili, sahani yako na miguu yako

Wadau, naandika hili mara moja, ili nikiulizwa tena "dada, wewe unakula nini?" nielekeze huku nirudi kwenye masufuria yangu. Mimi ni mama lishe, Ngamiani, Tanga. Sio daktari. Kisukari ninacho mwaka wa saba sasa. Siku nilipogundulika nilikuwa nimeenda kupima presha tu, wakanipima na sukari, mashine ikasoma 17.2 (ni milimoli kwa lita, kama namba zangu zote za mashine hapa). HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha hali ya miezi miwili mitatu iliyopita, kilikuwa asilimia 10.4. Siku hizi nacheza kwenye 6.8 hadi 7. Metformini, vidonge vya kisukari, bado nameza. Waliowaambia nimepona wamewadanganya.

Somo ni la aina ya pili. Mwenye aina ya kwanza haachi sindano za insulini hata siku moja, ale nini asile nini. Mjamzito, nenda kliniki.

Hatua ya 1. Nunua mashine ya kupimia sukari ya damu na stripu zake. Bila kupima unabahatisha.

Hatua ya 2. Sukari ya kwenye chai, soda, juisi ya miwa, juisi ya maboksi: acha. Asali ni sukari. Ndiyo, hata ya nyuki wadogo.

Hatua ya 3. Sahani. Nusu mboga, robo samaki au nyama au maharage, robo wanga. Mteja wangu wa bandarini nikimpakulia hivyo atanirudishia sahani, maana yeye anataka wali uwe kilima na mchicha uwe bendera juu yake. Sisi tunageuza. Ugali usizidi ngumi yako, na ni ngumi yako wewe, sio ya mumeo.

Mboga ni mchicha, matembele, bamia, mlenda, bilinganya, kabichi. Viazi, mihogo, magimbi na ndizi za kupika ni wanga, hata zikipikwa kwa nazi na kuitwa mchuzi. Maharage, kunde na choroko zina wanga pia, ila sukari yake hupanda polepole, kwa hiyo ukila maharage mengi punguza wali. Chapati mbili na maharage na chai ya rangi sio "chai tu". Ni mlo.

Anza kula mboga na samaki, wali umalizie. Kwangu mimi, chakula kilekile kikiliwa kwa mpangilio huo, baada ya saa mbili mashine husoma chini zaidi. Sikuamini mpaka nikapima wiki nzima.

Na kuonja! Kuna siku niliamua kuweka pembeni, kwenye kibakuli, kila nilichotaka kuonja: kijiko cha wali, kipande cha andazi lililovunjika, ukoko, kiazi kimoja "kuona kama kimeiva". Saa sita mchana kibakuli kimejaa, na mimi nilikuwa naapa asubuhi hiyo sijala.

Hatua ya 4. Tembea nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa mtu anayewahi daladala. Ukikosa nafasi, dakika kumi na tano baada ya kila mlo, maana msuli unaofanya kazi hufyonza sukari wenyewe. Vaa viatu vilivyofunika, kung'uta ndani kwanza. Mguu uliokufa ganzi hauhisi kokoto.

Hatua ya 5. Chakula, mazoezi na DAWA vipangwe pamoja. Hapa ndipo nilipotaka kufa, kwa hiyo hapa msiruke mstari.

Mwaka wa kwanza nilikuwa natumia metformini pamoja na glibenklamidi. Nikapata ari. Nikafuta wanga wote kwa mkupuo: asubuhi yai na chai kavu, hakuna zaidi. Siku ya nne nikameza vidonge vyangu kama kawaida, nikaamua kwenda Raskazone kwa miguu. Njiani kijasho chembamba kikaanza, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, nikasikia njaa ya ajabu. Nikajipa moyo kwamba ndiyo mafuta yanayeyuka. Kilichofuata nimehadithiwa: nilikaa chini kando ya barabara nikawa naongea maneno yasiyoeleweka, na watu, si mnajua Tanga, wakasema nimepanda mashetani. Mama mmoja alikuwa tayari ameulizia ubani. Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda ambaye baba yake ana kisukari; aliniona bado nameza mate, akaninywesha soda kidogo kidogo, akanikimbiza hospitali. Sukari ilikuwa 2.3, na hiyo ni BAADA ya soda.

Glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini, umekula hujala. Ukiondoa wanga, ukaongeza mazoezi, na dozi ikabaki ileile, sukari inaporomoka. Mahali nilipokuwa nachukulia dawa hakuna aliyenieleza hilo, na mimi sikuuliza. Kwa hiyo:

– Kama unatumia glibenklamidi, dawa za jamii yake, au insulini, USIPUNGUZE wanga kwa kishindo kabla hujaonana na daktari wako akupangie dozi. Metformini peke yake si kawaida kukushusha hivyo.
– Pima kabla ya kutembea. Chini ya 5 na uko kwenye dawa hizo, kula kitu kwanza. Zaidi ya 14 na unajisikia vibaya, usitembee, nenda hospitali.
– Beba sukari mfukoni. Ikishuka chini ya 4: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Bado? Rudia. Ikipanda, kula chakula.
– Aliyezimia asiwekewe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.
– Ulishushwa na glibenklamidi ukazinduka? Nenda hospitali vilevile. Dawa hiyo hukaa mwilini, sukari inaweza kushuka tena usiku umelala.

Hatua ya 6. Andika vipimo kwenye daftari. Kwa wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye. Wazee hupangiwa tofauti, fuata la daktari wako.

Hatua ya 7. Macho, figo na miguu vikaguliwe kila mwaka.

Maswali.

---

Kifaurongo: Ndefu sana hii. Kwa kifupi nile dona au sembe?

Mama Lishe: Ngumi moja.

Kifaurongo: Hujajibu swali.

Mama Lishe: Nimejibu. Dona ina pumba, ni afadhali kidogo. Dona ngumi tatu ni mbaya kuliko sembe ngumi moja. Soma hatua ya 3.

Mjukuu wa Bibi: Shangazi yangu alikunywa mlonge na mdalasini akapona kabisa, dawa za hospitali katupa. Acheni kutisha watu.

Mama Lishe: Alipima HbA1c baada ya kutupa dawa, au anajisikia vizuri tu? Mimi nilijisikia vizuri nikiwa na 17. Mlonge ni mboga nzuri, napika na nazi nyepesi. Shangazi apelekwe akapime, kisha njoo utuambie hapahapa. Nisiposikia namba sijibu tena.

Mwalimu wa Muheza: Shikamoo dada. Nimekuwa nikiandika daftari kama ulivyosema. Jana nalala 6.9, sijala kitu usiku, naamka 8.4. Sukari imetoka wapi?

Mama Lishe: Marahaba mwalimu, maswali ndiyo haya. Imetoka kwenye ini. Kukikaribia kucha, mwili hujiandaa kuamka na ini humwaga sukari iliyokuwa ghalani. Kwa mtu mzima wa afya insulini huizuia, kwetu inazidiwa. Sio kwamba umekosea. Jaribu haya: kula chakula cha usiku mapema, wanga wake uwe kidogo, tembea kidogo baada yake. Siku mbili tatu weka kengele upime saa tisa usiku. Kama unatumia insulini ya usiku au glibenklamidi ukakuta iko chini saa hiyo, mweleze daktari, hilo ni jambo jingine. Beba daftari ukienda. Unatumia dawa gani?

Mwalimu wa Muheza: Metformini tu, asubuhi na jioni. Ahsante sana, nitapima saa tisa.

Bi Mwanaidi: Ramadhani inakaribia mpenzi. Nifunge?

Mama Lishe: Bibie, nenda kwa daktari mwezi mmoja na nusu hivi kabla, akuangalie na akubadilishie saa na dozi za dawa. Wapo anaowakataza, na dini imewapa wagonjwa ruhusa. Ukifunga, endelea kupima. Mashehe wengi wamesema kuchoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9, fungua hata ikiwa imebaki nusu saa kwa adhana. Ikizidi 16.6 pia fungua. Na futari ya kwetu unaijua: viazi vitamu, magimbi, mihogo, tambi, uji, vyote mkeka mmoja. Chagua KIMOJA. Tende moja inatosha.

Chuma Chakavu: Msaada haraka!! Mama anasoma 142!! Anakufa?

Mama Lishe: Mashine ilitoka wapi?

Chuma Chakavu: Dada katuma kutoka Marekani

Mama Lishe: Inasoma kwa miligramu, zetu kwa milimoli. Gawanya kwa 18. Ni 7.9. Mpe maji, wewe pumzika.

Mzee wa Korogwe: Naongeza moja. Nilipima nikapata 15, nikaja juu, kumbe nilikuwa nimemenya embe. Nimenawa kwa sabuni, nikarudia: 7.1.

Mama Lishe: Mzee wangu, hiyo ilistahili kuwa kwenye hatua ya 1. Watu, nawieni mikono. Na chomeni pembeni mwa kidole, sio katikati, hasa mnaokanda unga kama mimi.

Handeni Kavu: Mama yangu yuko kwenye insulini na kijijini hakuna friji. Tunafanyaje?

Mzee wa Korogwe: Sisi tunatumia vyungu viwili vya udongo. Kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni. Insulini inafungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, inaingia chungu cha ndani, unafunika kwa kitambaa kibichi, unaweka kivulini penye upepo.

Mama Lishe: Na ile inayotumika sasa, andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Nyingi mwisho wiki nne, ila soma karatasi yake. Ikibadilika rangi, au ile iliyo angavu kama maji ikaanza kuwa na ukungu, usiitumie.

Handeni Kavu: Mchanga wowote, au wa mtoni?

Mzee wa Korogwe: Wowote, bora ushike maji. Vyungu visiwe vimepakwa rangi, vitashindwa kupumua.