Nane Nane wikiendi: jinsi ya kwenda bila kurudi na vumbi tu

Maonesho ya kilimo ya Nane Nane nchini Tanzania huanza tarehe 1 Agosti na kufikia kilele tarehe 8, sikukuu ya wakulima. Wengi wanaorudi wamenuna walikwenda siku ya kilele, saa tano asubuhi, familia nzima, bila kujua wanatafuta nini. Nauli na kiingilio vimelipwa, na walichoona ni migongo ya watu.

Chagua siku kwanza. Mwaka 2026 tarehe 1 na tarehe 8 zote ni Jumamosi. Wikiendi ya kwanza ina nafasi, ila mabanda mengine bado yanapigiliwa misumari. Tarehe 8 kuna mgeni rasmi: njia hufungwa kwa muda, na wataalamu wanamsubiri yeye, hawana muda na wewe. Ukipata ruhusa kazini, nenda kati ya tarehe 4 na 6. Usipopata, Jumapili tarehe 2 ndiyo nafuu yako. Uwe getini saa mbili asubuhi. Mbeya beba sweta, maana asubuhi za Agosti kule ni baridi kali. Dodoma jiandae kwa upepo na vumbi. Wanaokwenda Nzuguni, viwanja vya maonesho vya Dodoma, kutoka mikoani wana unafuu, stendi kuu ya mabasi iko jirani.

Ukishaingia, usianzie kwenye muziki na bembea. Nenda moja kwa moja kwenye vipando, yaani mashamba ya mfano, kabla jua halijawaka na watu hawajajaa. Hapo ndipo thamani ya kiingilio chako ilipo: aina tano za mahindi zimepandwa bega kwa bega, kila moja na kibao chake, na mtaalamu bado ana sauti. Muulize tarehe ya kupanda, mbolea gani na kiasi gani, na amemwagilia mara ngapi kwa wiki. Swali la maji usiliache. Agosti ni kiangazi, kwa hiyo kabichi unayoishangaa imenyweshwa na kupaliliwa kila mara. Shambani kwako kwa kutegemea mvua haitakuwa hivyo.

Beba futi ya fundi. Mahindi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo, hutoa karibu mimea 18,000 kwa ekari. Sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, idadi ni ileile. Ukipima kipando ukakuta kimebanwa zaidi ya hapo, uliza sababu, kisha andika jibu kwenye daftari. Picha za simu peke yake hazisaidii: ukifika nyumbani hutakumbuka ipi ni ya banda gani.

Kufikia saa nne watoto wapelekwe kwenye mifugo, kisha kivulini. Kila mtoto awe na karatasi yenye namba ya simu mfukoni mwake, siyo kwenye begi, kwa sababu begi huachwa popote. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana. Watu wakishajaa mtandao huzidiwa, simu hazipiti na malipo ya simu hukwama. Ndiyo maana ubebe fedha taslimu, noti ndogondogo. Chakula kuleni kabla ya saa sita au baada ya saa nane. Nyama choma ipimwe kwenye mizani mkiona, na bei itajwe kabla haijawekwa jikoni.

Ununuzi wa vitu vyenye uhai uwe wa mwisho kabisa. Mfuko wa mbegu uwe umefungwa kiwandani na una lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye namba ya fungu na tarehe ya kupimwa. Mbegu ya kupimiwa kwa kikombe iache hapohapo. Mche wa parachichi uliobebeshwa, yaani kikonyo cha aina bora kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, tazama maungio: yawe yameshikana pande zote, pasiwe na ufa, na chipukizi lililotoka chini ya maungio si aina uliyolipia. Geuza kiriba. Mzizi mkuu ukiwa umetoboa na kujikunja chini, mche umekaa sana kitaluni na utasumbuka ukihamishwa.

Vifaranga wa siku moja wanahitaji boksi lenye matundu na joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kwa hiyo bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga yenye joto, iwe imewashwa nyumbani kabla hujalipa. Muulize muuzaji kama wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Mareki walipoanguliwa, na uchukue ratiba ya chanjo ya magonjwa ya kideri na gumboro kwa maandishi. Miche nayo, kama huna maji ya kumwagilia, iweke kivulini na uitunze hadi mvua zianze ndipo uipande.