Kufufua Peugeot 504 pikapu nyumbani: breki kwanza, rangi mwisho

Pikapu ya 504 wengi wetu hapa Kenya tumeikuta ikibeba kabichi, mbuzi, mbao, watu wa harusi na watu wa matanga, kwa hivyo ukiikuta imelala nyuma ya nyumba ya mtu na bei yenyewe ni ya vyuma chakavu, moyo unaingia haraka kuliko akili. Hii namwandikia mtu ambaye si fundi, ana kazi yake wiki nzima, spana anashika wikendi tu, na gereji hana, ana kivuli na mahali pa kuegesha basi. Inawezekana kabisa. Ila kuna mpangilio, na watu wengi wanaanzia mwisho: wanafungua kila kitu mpaka gari inabaki ganda, ama wanakimbilia rangi, alafu baada ya muda unaona tangazo "project, nauza kama ilivyo". Msimamo wangu ni kwamba gari ibaki nzima, iweze kusimama na kutembea mapema iwezekanavyo, alafu utengeneze kipande kimoja kimoja huku inatembea. Gari inayotembea hata kama ni mbaya utairudia kila wikendi, gari iliyo kwenye makatoni utaikimbia.

Kabla ya spana, karatasi. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu iliyopita miaka 8, so 504 unayoiona barabarani ni ile ile iliyokuwa hapa tangu zamani, na nyingi ziliunganishwa hapa hapa nchini, kazi iliyoendelea mpaka 2004 wakati Ufaransa walishaacha kutengeneza hiyo pikapu 1993. Bila logbuku huna gari, una vyuma. Soma namba ya chesisi kwa macho yako mwenyewe ufananishe na logbuku, na namba ya injini vilevile, maana pikapu nyingi hizi zilishabadilishwa zikawekwa injini ya Toyota ama Nissan na mwenyewe hakwenda kurekebisha rekodi. Kama jina kwenye logbuku ni la mzee aliyefariki, familia wamalize mirathi kwanza ndo utoe pesa, hata kama mtoto wake anakuambia "ndugu yangu hiyo tutamalizana tu".

Alafu kutu. Sisi tulio pwani tunaijua, hewa ya chumvi inakula bati ukiwa umelala, lakini hata gari ya bara iliyokaa kwenye nyasi miaka inaoza kutokea chini. Nenda na bisibisi kubwa na sumaku ndogo. Sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa ukiipitisha kwenye bodi na ikaanguka ujue hapo pana puti nene. Bisibisi gonga sakafu chini ya pedali, chini ya milango, kona za chini za kioo cha mbele, na sakafu ya kule nyuma kwenye mzigo. Ila mahali ninapopaogopa mimi ni ndani ya boneti, pale juu shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Hizo ndo zinabeba uzito wote wa mbele, kwa hivyo kama bati la kuzunguka pale limevimba au bisibisi inazama, shusha bei sana ama uachane nayo. Mlango mbovu unabadilishwa, sakafu inachomelewa, lakini pale panataka fundi bodi wa kweli na pesa ya kweli.

Haya, umeinunua, imeletwa na breakdown. Usiiwashe! Najua unataka kusikia mlio, lakini anza na breki. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na yakikaa miaka hayo maji yanaozesha silinda kwa ndani, so hata kama pedali inaonekana ngumu usiiamini. Inua gari kwa jeki, iweke kwenye stendi za chuma zilizo imara (matofali yanapasuka, usijaribu, na usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake), toa magurudumu yote manne. Mbele kuna diski, nyuma kuna dramu. Dramu ikigoma kutoka legeza ajasta kwanza, usiitwange nyundo mpaka ipasuke. Kila mpira wa breki, yaani zile hosi fupi zinazoshuka kwenye magurudumu, badilisha hata kama unaonekana mzuri, kwa sababu unavimba ndani na kuziba, na gari inabaki imeshika breki upande mmoja. Wili silinda za nyuma weka mpya, mapaipu ya chuma yaliyooza kwa nje tengenezesha mapya, masta silinda (ile kubwa inayosukumwa na pedali) ifunguliwe uangalie ukuta wake wa ndani, ukiona vidonda badilisha yote, usiweke raba mpya ndani ya silinda iliyochimbika. Ukimaliza toa upepo kwenye mapaipu ya breki ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Na tafadhali mafuta yawe ya breki, kuna watu wanajazia oili ya injini, raba zote zinavimba na kazi yote unaanza upya.

Wakati magurudumu yametoka angalia tairi. Pembeni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hivyo 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini ya zamani sana, hasa iliyopasuka pembeni, hiyo weka kwenye shamba la watoto wapande.

Sasa injini. Za petroli nyingi ni za lita 1.8, na kuna ya dizeli ya cc 2304 ambayo haina haraka ila haichoki. Hapa naongelea petroli. Mwaga petroli ya zamani yote, shusha tangi, lisafishe, badilisha hosi zote za mafuta na filta. Tangi likiwa na tundu mpelekee fundi anayejua kazi hiyo, usilichomelee mwenyewe hata kama limekauka, mvuke uliobaki ndani unalipuka. Mwaga oili, weka mpya. Toa plagi zote nne, mimina ndani ya kila silinda oili kidogo ya giaboksi otomatiki, iache ilale usiku au zaidi, alafu izungushe injini kwa mkono kwa kutumia spana kwenye puli ya mbele. Ikigoma usilazimishe kwa mti mrefu, ongeza oili usubiri. Ikishazunguka bila kukwaruza ndo unaweka betri na kuizungusha na stata plagi zikiwa bado nje mpaka presha ya oili ipande.

Kitu kimoja cha hawa Wafaransa kinachowasumbua mafundi waliozoea Toyota ni kwamba silinda namba moja inahesabiwa kutoka upande wa flaiwili, yaani upande wa giaboksi, si upande wa feni. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2. Fundi akipanga waya za plagi akianzia kwenye feni huku taimingi (wakati wa cheche kuruka) anaitafuta kwenye alama ya namba moja, mtabaki mnalaumu kabureta siku nzima. Pointi, zile za ndani ya distribyuta, weka nafasi ya milimita 0.40, valvu zikiwa baridi milimita 0.10 za kuingiza na 0.25 za kutoa moshi. Fila geji, ya kupimia nafasi hizo, si ghali, nunua ya kwako.

Kuhusu hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo injini nyingi za 504 zilikufia. Hedi ni ya aluminiamu na bloku ni chuma, na ndani ya bloku kuna slivu, yaani mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka, ambazo maji ya kupooza yanazigusa moja kwa moja, zimekaa tu juu ya sili zake za kuzuia maji na kinachozikandamiza ni hedi yenyewe. Maana yake ukitoa hedi ili kubadilisha gasketi alafu mtu akazungusha injini hata nusu raundi, pistoni inainua slivu, sili ya chini inaachia, na baada ya kufunga kila kitu unakuta maji kwenye oili. Kwa hivyo hedi ikitoka tu, weka bolti na washa (pete za chuma) pana za kushikilia slivu zote, na mwambie kila anayepita hapo asiguse feni. Hedi ipelekwe mashine ikaangaliwe kama imepinda, slivu zipimwe kama zimetokeza sawa juu ya bloku, na bolti zikazwe kwa torki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, si kukaza moja mpaka mwisho ndo uende nyingine. Na maji ya bomba, ama mabaya zaidi maji ya kisima cha chumvi tunayotumia huku pwani, yasiingie humo. Aluminiamu inaliwa. Weka kulanti (maji ya dawa ya radieta), weka termostati, wale wanaokuambia "toa termostati gari ipoe" wanakupa ugonjwa mwingine.

Spea zipo kuliko unavyofikiria. Nairobi tembea Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na uende na kile kipande kibovu mkononi, si jina lake kichwani, kwa sababu 504 ya saluni na ya pikapu haziko sawa kila mahali: nyuma pikapu ina springi za mabati kwa ajili ya mzigo. Gari hii ilitengenezwa pia Nigeria na Argentina kwa miaka mingi ndo maana vitu vya injini bado vinapatikana. Vya bodi ndo shida, kwa hivyo ukiona pikapu nyingine imekufa mahali, nunua milango, taa na vioo vyake hata kama huvihitaji leo.

Waya sitaandika mengi. Safisha kila sehemu waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi mpaka bati ling'ae, nusu ya matatizo ya taa yanaishia hapo. Redio na ving'ora vilivyounganishwa kienyeji toa vyote.

Ikishatembea na kusimama vizuri mtaani, ndo unaingia kwenye bati, upande mmoja kwa wakati. Kata kutu mpaka ufike kwenye bati zima, usifunike kutu kwa kiraka. Sakafu bati la geji 18 linatosha, na mwambie fundi atumie gesi au migi (mashine ya waya), welding ya fimbo inatoboa bati jembamba hilo. Betri itolewe, waya za alteneta zichomolewe, tangi la mafuta liwe mbali. Ukikata chini ya milango, milango ibaki imefungwa mahali pake, bodi isije ikalegea ukamaliza na mlango haufungi tena. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango zibua, aliyevizibia kwa puti ndiye aliyeleta kutu, na ndani ya mabomba yaliyofungwa pulizia oili nzito.

Rangi sasa. Praima ya epoksi kwenye bati tupu, puti kidogo tu ya kusawazisha, msasa wa maji, praima tena, alafu rangi. Hizi rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kukausha) zina moshi mbaya kwa mapafu, kitambaa puani hakisaidii, tafuta maski yenye filta zake ama mwachie mwenye chumba cha rangi. Ukitaka kubadilisha rangi na ile iliyoandikwa kwenye logbuku, rekebisha NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kabla hujaanza kuizungusha mjini. Mimi ningebaki na ile ile iliyotoka nayo. Chini ya mkeka wa sakafu ama nyuma ya dashibodi kwa kawaida kuna kipande ambacho jua halijawahi kukigusa, hicho ndo umpelekee muuza rangi afananishe.