Ukienda TT na pikipiki, cheki kwanza saa za kufunga barabara
Kwa anayepanga kwenda Isle of Man, kile kisiwa kati ya Uingereza na Ireland, kucheki TT (mbio za pikipiki) mwishoni mwa Mei kuingia Juni, nafasi ya pikipiki kwenye feri wahi mapema sana, zinaisha miezi kibao kabla. Ila kubwa ni hili, njia ya mbio ni barabara za kawaida tu, duara la kilomita kama 60, zikishafungwa na wewe uko ndani ya duara na pikipiki yako, kuvuka ni kazi mpaka zifunguliwe, kwa hiyo soma ratiba ndo uchague pa kukaa. Mi ningeenda Ballaugh Bridge, daraja lililo kwenye njia ya mbio, pale pikipiki zinaruka matairi yote hewani aisee! Beba msosi na koti la mvua. Barabara ya mlimani wiki hizo ni wanwei, toka mji wa Ramsey kuelekea mji wa Douglas, usije ukageuza.