Herufi zikiwa na ukungu, tazama waya kwanza

Umenunua skrini ya mtumba pale Darajani, umeichomeka, herufi zina ukungu na duara limekuwa yai. Usikimbilie kusema umeuziwa mbovu. Mara nyingi kompyuta inatoa pikseli (vidoti vya picha) 1024 kwa 768 na kioo kimeundwa kwa 1920 kwa 1080, basi picha inavutwa mpaka ijae.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini, ingia mipangilio ya skrini, chagua risolusheni (idadi ya pikseli) iliyoandikwa kuwa ndiyo inayopendekezwa. Ikiwemo, kazi imekwisha.

Isipokuwemo, hapo ndipo penye mambo. Skrini hujitambulisha kwa kompyuta kupitia waya, na kwenye VGA (ule wa buluu wenye skrubu mbili) taarifa hizo hupita pini (vijiti vidogo vya chuma ndani ya kichwa cha waya) ya 12 na ya 15. Moja ikipinda, picha inakuja kama kawaida lakini kompyuta haijui imeunganishwa na nini, inabahatisha tu. Mimi huku Chake nilibadilisha draiva (programu inayoiendesha) ya kadi ya picha mara tatu, kumbe pini imelala! Nikazima kila kitu, nikainyanyua taratibu kwa sindano ya kushonea kofia. Ukiikosa pini ya 9 usishtuke, nyaya nyingi hutoka kiwandani bila hiyo.

Waya ukiwa mzima, ndio uhangaike na draiva. Na kama kompyuta na skrini zote zina tundu la HDMI (aina nyingine ya waya wa picha), achana na VGA kabisa.