Somo: Kushika hazina ya ligi ndogo ya vijana

Wengi wanaoshika hazina ya ligi ya watoto si wahasibu. Ni wazazi walionyoosha mkono kikaoni. Kama ni wewe, pole na karibu.

Kwanza, fungueni akaunti ya benki kwa jina la ligi, yenye watia saini wawili wasio mke na mume wala ndugu. Pesa ikilala kwenye simu ya mwenyekiti hata usiku mmoja, imeshachanganyika.

Pili, bajeti. Anza na matumizi: marefa, uwanja, bima, mipira, jezi, sanduku la huduma ya kwanza. Ukipata jumla, unapotafuta ada ya kila mtoto usiigawe kwa idadi ya walioandikishwa. Tuseme watoto ni 120, na msimu uliopita katika kila 10 walilipa 8. Gawa kwa 96. Ukigawa kwa 120 ada itaonekana nafuu, wazazi watakupigia makofi, halafu katikati ya msimu utaanza kumkwepa refa.

Tatu, kila kinachoingia kikatiwe risiti yenye namba. Iliyokosewa usiichane, andika "imefutwa", uiache kitabuni. Viingilio vihesabiwe na watu wawili palepale uwanjani, wasaini, na pesa zote ziende benki. Refa asilipwe kutoka kwenye kopo la viingilio, hata akiwa na haraka.

Nne, kila mwezi daftari lilinganishwe na taarifa ya benki, na anayelinganisha asiwe mweka hazina.

Maswali ya wanachama

— Ligi yetu si ya faida. Tukibaki na pesa mwisho wa msimu ni kosa?
Si kosa. Kinachokatazwa ni kugawana. Iwe akiba, uwanja hulipiwa kabla ada hazijaingia.

— Mfadhili alitoa pesa za jezi, zikabaki. Tununue mipira?
Mwombeni ruhusa kwanza, ajibu kwa maandishi. Kwa sasa zikae kwenye safu yake daftarini.

— Muuzaji hana risiti, je?
Jaza hati ya malipo: tarehe, kitu, kiasi, saini yake na ya shahidi. Ikiwa ndiyo kawaida yake, tafuta muuzaji mwingine.

— Mweka hazina wetu kanuna, anasema kukaguliwa ni kutoaminiwa.
Mwambieni kwamba mkaguzi ni ngao yake. Mimi niliwahi kusimamishwa mbele ya wazazi, naulizwa mipira mitatu imekwenda wapi. Kilichoniokoa ni kikaratasi chenye saini ya kocha aliyeichukua.